UNGA WA SHABA NA KAZI ZAKE KATIKA NCHI YA DHAHABU

(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu)



 Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya jambo lolote lenye manufaa kwa vijana. Mtumishi wa serikali akipewa nafasi kama hiyo, mara nyingi huzungumzia nidhamu na bidii ya kazi. Lakini nidhamu mnausiwa na Mkuu wa Shule kila Jumatatu asubuhi, nami sina la kuongeza. Leo nitazungumza juu ya kitu nilicho nacho mfukoni.

Ni hiki hapa. Ni pete ndogo ya rangi ya kahawia, nyepesi, inaingia kwenye ncha ya kidole. Mafundi wa Kahama wanaiita bushi ya stata. Naomba ipitishwe kutoka mkono hata mkono. Mkisha kuishika, tazameni vidole vyenu. Mtaona vina mafuta kidogo, ingawa tangu nimeinunua dukani sikuipaka mafuta hata tone. Mafuta hayo yanatoka wapi? Hapo ndipo hotuba yangu inapoanzia.

Shaba si ngeni kwetu

Vijana wengi wa ukanda huu, kutoka Shinyanga na Kahama mpaka Geita, wakisikia neno madini hufikiri dhahabu, na almasi ya Mwadui aliyoigundua Mkanada John Williamson mwaka 1940. Shaba hawaifikirii. Lakini mababu zetu waliijua vizuri. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kinyamwezi na Kisumbwa walisafiri kwa miguu mpaka Katanga, wakarudi na shaba ya kutengenezea bangili na nyaya za mapambo. Mmoja wao, Msiri mwana wa Kalasa, hakurudi. Alibaki huko Katanga akawa mtawala wa nchi ya Garenganze, akaitawala biashara ya shaba mpaka alipouawa na Wazungu Desemba 1891.

Hata ardhi yetu wenyewe ina shaba. Mtakumbuka habari ya makinikia. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha nje mchanga wa madini kutoka Bulyanhulu na Buzwagi, migodi yote miwili ikiwa katika eneo la Kahama. Mjadala ule ulisikika nchi nzima, hata Serikali na kampuni ya Barrick zilipotia saini makubaliano Januari 2020. Watu wengi walishika neno dhahabu tu. Lakini mchanga ule ulikuwa na dhahabu, fedha na shaba. Kwa hiyo shaba ya Kahama ilikuwa ikipanda meli kwenda ng'ambo, wakati bushi ya shaba ilikuwa ikishuka melini ndani ya boksi dogo, ikaja kuuzwa Kahama. Nitarudi kwenye jambo hili mwishoni.

Unga wa metali ni nini

Shaba peke yake ni laini. Ukiichanganya na bati unapata bronzi. Hapa sisemi bati la paa, maana lile ni chuma kilichopakwa zinki. Nasema bati lenyewe, metali nyeupe inayoyeyuka kwenye nyuzi 232 tu za Selsiasi, wakati shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085. Shaba ukiichanganya na zinki unapata brasi, ile ya njano ya mabomba na makufuli. Mchanganyiko wa namna hii wa metali huitwa aloi.

Kawaida ya fundi ni kuyeyusha aloi, kuimimina katika kalibu, halafu kuichonga. Lakini ipo njia nyingine: kuigeuza kwanza iwe unga. Aloi iliyoyeyuka huachwa itiririke kama uji mwembamba, halafu hupigwa kwa mkondo wa nguvu wa maji au wa hewa. Ule mtiririko hupasuka kuwa matone madogo mno, nayo hupoa hapo hapo kabla ya kufika chini. Ikipigwa kwa maji, chembe zinapoa upesi na kuwa na maumbo yasiyo sawa, yenye pembe na mikunjo. Ikipigwa kwa hewa au gesi, chembe zinapata nafasi ya kujiviringa, zinakuwa duara kama mtama.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kazi. Chembe zenye pembe hushikana zikishindiliwa, kama kokoto zinavyoshikana kuliko gololi. Hizo ndizo za kutengenezea bushi na vipuri. Chembe za duara hazishikani vizuri, lakini zikimiminwa katika kalibu huacha nafasi zinazolingana katikati yake. Zikipashwa moto hadi zigusane na kuungana, unapata kichujio. Vichujio vya namna hiyo viko katika mifumo ya mafuta ya dizeli na ya hewa ya kompresa. Hata kile kikofia cha rangi ya shaba kinachopunguza kelele mahali hewa inapotokea kwenye mitambo ya upepo, mara nyingi ni unga wa bronzi uliounganishwa.

Sasa bushi yetu. Unga wa shaba sehemu tisa na unga wa bati sehemu moja huchanganywa, hushindiliwa ndani ya kalibu kwa nguvu kubwa, kisha hupitishwa katika tanuri lenye joto la nyuzi 800 na zaidi kidogo. Joto hilo halitoshi kuyeyusha shaba. Bati ndilo linaloyeyuka, likapenya katika shaba, na chembe zikaungana. Kinachotoka ni bronzi yenye vitundu vingi visivyoonekana kwa macho, kiasi cha sehemu moja ya tano hadi robo ya ujazo wake wote. Vitundu hivyo hujazwa mafuta. Mhimili unapozunguka, bushi inapata joto, mafuta yanatanuka na kutoka nje kuulainisha. Mhimili ukisimama na kupoa, vitundu vinayanywa mafuta tena. Bushi inajipaka mafuta yenyewe kwa miaka, bila mtu kuigusa. Ufundi huu ulienea Marekani kati ya miaka ya 1920 na 1930 kwa ajili ya magari, na leo uko katika feni ya mezani, mashine ya kufulia, na stata ya gari.

Kosa langu

Ndugu zangu, sasa nitaungama jambo ambalo sijalisimulia mbele ya watu wengi.

Mwaka 2008 nilikuwa ofisa kijana katika ofisi moja ya ukanda huu, nimetoka Mlimani na shahada yangu, na nilikabidhiwa kusimamia magari. Stata ya gari moja ikaanza kusumbua. Fundi wetu alikuwa mzee wa darasa la saba, mwenye mikono myeusi kwa kazi. Alileta bushi mbili mpya kama hii mliyoishika. Niliziona zina mafuta, nikadhani ni mafuta ya kuhifadhia dukani tu, yasiingie kutu. Nikaagiza zioshwe kwa petroli. Mzee akasema kwa upole, "Mkubwa, hizi haziogeshwi." Nikamjibu kwamba uchafu hauingizwi katika mashine. Moja ilipokuwa inabana kwenye mhimili, nikaagiza pia isuguliwe ndani kwa msasa. Alinitazama kidogo, halafu akatii, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nasaini karatasi.

Kwa agizo la kwanza niliyakamua mafuta yote kutoka katika vitundu. Kwa agizo la pili niliziba vile vitundu vyenyewe, maana msasa huilaza metali laini ikafunika matundu. Bushi iliwekwa kavu.

Haikupita miezi miwili. Tulikuwa kijijini, mbali na barabara kuu, jioni ya mvua. Wakaja watu wamembeba mama mjamzito juu ya kitanda, uchungu umemkamata tangu usiku wa jana, mkunga amesema afikishwe hospitali. Gari lilikuwa pale pale mlangoni. Dereva akazungusha ufunguo, ikasikika "ka" moja tu, kimya. Akarudia, kimya. Vijana wa kijiji wakasukuma gari ndani ya matope. Walisukuma, likakwama, wakalitoa, wakasukuma tena mpaka kwenye mteremko, ndipo likawaka. Muda wote huo, karibu saa nzima, yule mama alikuwa amelala nyuma ya gari, na mumewe ameshika mlango akinitazama mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyevaa shati jeupe.

Namshukuru Mungu, mama alipona na mtoto akapona. Lakini sikupata usingizi. Asubuhi yake nilikwenda kwa fundi, nikamwambia, "Mzee, nisamehe." Hakunisema. Alifungua stata, akanionyesha bushi ilivyolika upande mmoja, mhimili ukalegea, na moyo wa mota ukawa unasugua kando. Kisha akasema, "Umemkamua ng'ombe mpaka tone la mwisho, halafu ukataka ndama anyonye." Tangu siku ile sikuwahi kumwagiza fundi jambo kabla ya kumwuliza kwanza.

Basi kanuni zake ni hizi, vijana, hasa ninyi mnaosoma ufundi. Bushi ya unga haioshwi kwa petroli wala mafuta ya taa. Haisuguliwi kwa msasa. Kama inabana, tafuta ya kipimo chake. Ikiwa imekaa muda mrefu dukani, iloweke katika mafuta safi ya mashine kabla ya kuifunga. Wala usiishindilie grisi nzito, maana nayo huziba vitundu.

Almasi ndani ya shaba

Kazi nyingine ya unga huu iko migodini. Wanaotafuta dhahabu katika miamba ya Geita hutoboa kwa bomba refu linalozunguka, na hutoa chini ya ardhi kipande cha mwamba chenye umbo la mpini wa jembe. Hicho ndicho kinachopimwa. Kwenye ncha ya bomba kuna taji la chuma lililofungwa meno ya almasi. Lakini almasi haiwezi kuchomelewa kwenye chuma kama msumari. Inachanganywa na unga mgumu wa metali ya tangsteni, vikatiwa katika kalibu, halafu aloi ya shaba iliyoyeyuka ikaachwa ipenye katikati na kuushika unga wote pamoja na almasi yake. Shaba huyeyuka kwenye joto ambalo almasi inalistahimili. Ndiyo sababu ikachaguliwa.

Hapa kuna jambo linaloshangaza wanafunzi. Mwamba ukiwa mgumu sana na wenye chembe laini, taji huwekewa mchanganyiko laini. Mwamba ukiwa unakwaruza kama mchanga, taji huwekewa mchanganyiko mgumu. Sababu ni kwamba almasi huisha makali. Ni lazima mchanganyiko ulike kidogo kidogo ili ile almasi iliyochoka idondoke na mpya ichomoze. Mwamba mgumu haulili taji, kwa hiyo taji lenyewe lazima likubali kulika. Ukikosea, taji linateleza juu ya mwamba kutwa nzima bila kushuka hata hatua moja.

Siku hizi almasi nyingi za kutobolea ni za kutengenezwa viwandani, kazi iliyotangazwa kufanikiwa Marekani mwaka 1955. Hata hivyo naona fahari kidogo kuwaambieni kwamba madini ya mikoa yetu yanahitajiana: almasi na shaba vinaungana kuitafuta dhahabu.

Unga unaodanganya

Nimeeleza wema wa unga huu. Sasa nieleze ubaya wanaoufanyia watu.

Brasi ikisagwa na kupondwa iwe vibamba vidogo kuliko chembe za unga wa sembe, hung'aa kama dhahabu. Ndiyo rangi ya dhahabu mnayoiona kwenye fremu za picha na maandishi ya kadi za harusi. Mwingereza Henry Bessemer, katika miaka ya 1840, alishangaa bei kubwa ya unga huo uliokuwa ukitengenezwa kwa mikono. Akabuni mashine za kuutengeneza, akazificha, akaajiri jamaa wa familia tu ili siri isitoke. Faida aliyoipata ndiyo iliyomsaidia kufanya majaribio ya kutengeneza feleji, aliyoyatangaza mwaka 1856. Huyo aliuza unga wa brasi akiuita rangi, na mnunuzi alijua anachonunua.

Huku kwetu wapo wanaouuza wakiuita dhahabu. Wazee wetu wa Kisukuma wameuza ng'ombe, wakapokea gichochoroni kifuko cha unga wa njano, na mwenye kuuza akasema ana haraka, anakimbia kodi. Mara nyingine ni takataka za brasi zilizopigwa tupa, zimechanganywa na dhahabu kidogo ya kweli juu juu ili jaribio la kwanza lifaulu. Mzee akifika kwa sonara anaambiwa hana kitu. Haendi polisi, kwa sababu yeye mwenyewe alinunua bila leseni. Ng'ombe wamekwenda, na ada ya mtoto imekwenda nao.

Vijana, dawa ya udanganyifu huo iko katika kitabu chenu cha kidato cha kwanza. Inaitwa densiti. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu safi ina uzito wa gramu 19.3. Ya brasi ina gramu 8.5 hivi. Pima gramu 38.6 za ule unga. Tia maji katika silinda ya kupimia, ongeza tone la sabuni ili hewa isijifiche katikati ya chembe, kisha mimina unga na tikisa taratibu. Kama ni dhahabu safi, maji yatapanda mililita 2. Dhahabu ya mgodini huwa na fedha ndani yake, kwa hiyo yakipanda 2 na nusu ya robo, au zaidi kidogo, usishtuke. Kama ni brasi tupu, yatapanda 4 na nusu. Kama ni nusu kwa nusu kwa uzito, yatapanda zaidi ya 3. Mwongo anaweza kuigiza rangi na mng'aro, lakini kipimo hiki hakiwezi.

Kipimo cha pili ni asidi ya naitriki. Brasi hutoka povu, moshi wa kahawia na maji ya kijani au buluu; dhahabu hutulia. Lakini asidi hiyo na moshi wake ni hatari, na pahali pake ni maabara tu, mwalimu akiwapo. Wala msithubutu kuyeyusha brasi chumbani kwa majaribio. Zinki huanza kuchemka kwenye nyuzi 907, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka.

Na njia iliyo bora kuliko zote ni kununua na kuuza mahali pa halali. Tangu mwaka 2019 yapo masoko ya madini, la Geita likiwa la kwanza, ambako mashine hutambua metali zilizomo katika sampuli kwa muda mfupi. Mwambieni baba, mwambieni mjomba: mtu anayekukataza kwenda sokoni amekwisha kukwambia alichonacho kifukoni.

Neno la mwisho

Ndugu Mwenyekiti, nilisema nitarudi kwenye makinikia. Sikuja hapa kuahidi kiwanda. Kiwanda cha unga wa metali kinataka umeme usiokatika, soko la uhakika, na watu wanaojua kazi. Viwili vya kwanza haviko mikononi mwa mkutano huu. Cha tatu kiko. Kati ya vijana hawa wapo watakaosoma metaluji, na wapo watakaofungua gereji Kahama au Katoro. Wote wawili tunawahitaji, na siku moja watakutana juu ya bushi kama hii. Ombi langu ni kwamba mwenye shahada siku hiyo asikilize kabla ya kusaini.

Nimeleta zawadi ndogo kwa maabara yetu: mzani mmoja unaopima hadi sehemu ya kumi ya gramu, silinda nne za kupimia, na kopo la bushi nzee kutoka kwa yule fundi wangu, ambaye amestaafu lakini bado anakumbuka jina langu. Zikateni kwa msumeno, mzitazame kwa darubini, mhesabu vitundu. Na mzazi yeyote wa jirani akija na kifuko chake, pimeni bure.

Ile bushi niliyowapa mwanzoni naiona imefika safu ya nyuma. Ibaki huko huko.